Foleni ya Duru ya Sita

Verlon Stuckey alikaa pale pale alipozoea kukaa na marehemu mkewe, Oleta, chini ya paa la mbao linalovuja. Benchi lilikuwa limepasuka zaidi kuliko mwaka jana. Nani angelitengeneza? Wakubwa wa timu ya besiboli walishaamua: mwakani mazoezi ya kabla ya msimu yanahamia Arizona, kwenye uwanja mpya, na huu wa Lake Ossaba unabomolewa. Wakubwa wa kaunti nao walikaa vikao, wakanywa kahawa, wakasema hawana la kufanya. Kumbe ndiyo kazi waliyochaguliwa, Verlon aliwaza: kukosa la kufanya.

Yeye alikuja kwa jambo moja tu. Kila Machi Oleta alimwomba wakae mpaka duru ya tisa, mechi iishe. Katika mechi hizi za mazoezi nyota hucheza duru tano, wakaoga, wakaenda zao kucheza gofu. Duru za mwisho huachiwa vijana wenye namba themanini au tisini na kitu mgongoni, bila hata jina. Hao ndio Oleta aliowapenda. "Hawa ndio wanaoitafuta kazi kweli," alikuwa akisema. Lakini ikifika duru ya sita, Verlon ameshasimama, funguo mkononi: "Twende, mama, tuiwahi foleni ya magari." Na foleni waliikuta kila mwaka. Verlon akawatukana wakubwa waliojenga uwanja wenye geti moja; Oleta akamenya karanga zake za kuchemsha, akafungua redio kusikiliza kilichobaki.

Siku za mwisho, hospitalini, Oleta alimwambia, "Wewe nenda ukae mpaka mwisho. Halafu uje kaburini unihadithie."

Duru ya sita ilipofika, watu wakaanza kuinuka. Magoti ya Verlon nayo yakainuka yenyewe. Akayarudisha chini kwa nguvu, akaukumbatia mfuko wa karanga aliokuja nao.

"Kumbe unajua kukaa!" Alikuwa Marvelle, mama mtu mzima anayewaonyesha watu viti vyao. "Ulivyokuwa ukimburura rafiki yangu Oleta, nilidhani unasubiriwa ikulu."

"Niache, Marvelle. Leo nataka kujua nani anashinda."

"Haya, bosi. Sogea basi. Na hizo karanga usizikumbatie peke yako."

Matokeo yalikuwa nne kwa nne. Duru ya tisa, kijana mwembamba mwenye namba tisini na moja aliupiga mpira ukapaa mpaka karibu na ukuta. Verlon akajikuta amesimama, anapiga kelele. Mpira ukadakwa. Kwa kudakwa huko kijana alishatolewa, lakini aliendelea kukimbia kana kwamba hajaambiwa. Kisha mwamuzi akavua kinyago chake cha kujikinga na mpira, makocha wakapeana mikono, wote wakaanza kuondoka.

"Wanakwenda wapi?"

"Nyumbani. Imeisha sare."

"Si waongeze duru!"

"Ya mazoezi haiongezwi, baba. Wakubwa wanakubaliana tu. Wana ndege ya kuwahi."

"Hata mwisho wametunyima!" Verlon alitupa maganda chini. "Sasa nikamwambie nini?"

"Mwambie yule tisini na moja alikimbia bure. Atacheka huyo mpaka basi."

Walitoka pamoja, polepole, kwa ajili ya miguu ya Marvelle. Nje Verlon alisimama. Uwanja wa magari ulikuwa mweupe. Gari lake, la Marvelle, na mengine machache huko mbali. Geti lile lile moja, wazi, na barabara tupu mpaka kwenye mashamba ya michungwa.

"Foleni iko wapi leo?"

"Leo?" Marvelle alimtazama kama anayetaniwa. "Mbona ndivyo ilivyo siku zote! Foleni ni ya duru ya sita, nyote mkiikimbia kwa pamoja. Ukikaa mpaka mwisho unatoka kama barabara ni ya baba yako. Oleta hakukwambia?"

Labda alimwambia. Verlon hakukumbuka.

"Wangeweka kibao," alisema. "Wakubwa hawa. Wangeweka hata kibao."

Marvelle alimgusa bega, akaingia garini mwake, akaenda. Hakuna aliyemzuia njiani.

Verlon aliketi nyuma ya usukani bila kuwasha gari. Mfuko wa karanga aliuweka kwenye kiti cha pembeni. Sare angeweza kumhadithia Oleta kaburini. Yule kijana pia angemhadithia. Hili la barabara, kwamba kila mwaka foleni aliikimbilia mwenyewe, alilianza mara kadhaa kimoyomoyo, na kila mara lilianza na neno "wakubwa", likagoma hapo.