Propela Isiyofika kwa Mkwe

Binti ndiye aliyeusikia kwanza: kong, mlio mmoja mfupi chini ya miguu yake kila baba alipoingiza gia. Alikuwa amekaa mbele, begi mapajani, anarudishwa kwa mumewe. Hakusema kitu, si kawaida yake kusema. Walipofika kwenye kiwanda cha mbao, propela ilichomoka ikaangukia barabarani, na pikapu ikabaki pale ikinguruma bila kwenda popote.

Fundi, ambaye watu walimwita Taratibu, alikuja na jeki, akaingia uvunguni, akatoka na jibu kwamba propela imepinda.

"Si uinyooshe tu, uirudishe?" baba akauliza.

"Mzee wangu, chuma hiki ndicho kinachopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma. Kikishapinda, ukikirudisha palepale kitavunja na vingine."

"Hilo kweli," baba akasema. "Kitu kilichopinda hakirudishwi."

Binti alikuwa amesimama hapohapo, ameshika kopo la bolti kwa mkono wa kulia. Wa kushoto haukunyooka vizuri tangu alipoanguka bafuni. Ndivyo mumewe alivyoeleza, na ndivyo ilivyosemwa nyumbani.

Walizunguka kwa wauza spea za mtumba. Pikapu ilikuwa ya zamani. Propela moja ilikuwa fupi, nyingine matundu yake ya bolti hayakulingana na ya gari. Mwishowe waliikuta moja imelala chini ya mabati, imeota kutu lakini imenyooka. Taratibu akaitia krosi mpya, vile viungo vya kwenye ncha zake, huku na huku, akapaka grisi, akaizungusha kwa mkono, akaridhika.

Jumamosi waliondoka. Mama aliwapungia langoni. Walipita kituo cha mafuta, kiwanda cha mbao, daraja, moja kwa moja bila kukata kona, wakaingia uani kwao. Mama alikuwa bado amenyanyua mkono.

"Mmesahau nini?"

"Hatujasahau kitu," baba akasema. Alishuka, akatazama matairi yote, akapanda tena. Wakaondoka, wakafika tena nyumbani. Mama akaandaa chakula cha mchana, maana muda ulikuwa umefika.

Taratibu aliifungua propela, akaigeuza nusu mzunguko, akaifunga upya. Akaenda kuijaribu peke yake, akafika hadi kwa mkwe bila shida, akarudi na salamu.

"Anasema mashati yanamsubiri mtu wa kuyapiga pasi. Gari zima hili, mzee. Labda ni uzito. Huyu dada ana kilo ngapi?"

"Huyu?" mama akasema. "Huyu upepo tu."

Wakapakia gunia la mchanga lenye uzito wake. Gunia likafika kwa mkwe. Wakalishusha, wakampakia binti, naye akafika nyumbani.

"Mimi sielewi," baba akasema.

"Hata mimi sielewi," Taratibu akasema, "lakini grisi ipo ya kutosha."

Tangu hapo ikawa hivyo kila Jumamosi. Majirani waliokuwa na shughuli karibu na daraja walipewa lifti, wakashuka darajani na kushukuru. Mama alijifunza kupunga mkono huku mwingine ukikoroga chungu, akalihamishia jiko la mkaa langoni. Taratibu aliwaletea propela nyingine, kisha nyingine, zote zikafungwa vizuri na zote zikarudi uani. Baba alimuuliza fundi, akawauliza wauza spea, akawauliza madereva wa malori. Binti hakuulizwa kitu, kwa kuwa hajui magari.

Jumamosi moja, walipolivuka daraja, binti akasema jambo kwa sauti ndogo. Baba akazima redio. Akainamisha kichwa, akasikiliza sakafu ya gari.

"Umesikia?" akauliza. "Mlio umerudi. Jumatatu nitamwambia Taratibu abadilishe krosi ya nyuma."

Binti akalishusha begi miguuni. Mbele yao lango lilikuwa wazi, na mama amenyanyua mkono.

"Baba, sikuanguka bafuni," akasema. "Mkono wangu aliuvunja yeye."