Maana ya "Imekwisha"

Kazini walimwita Daktari, ingawa hajawahi kushika sindano maishani mwake. Watu tisa walikaa chumba kimoja ghorofa ya tatu wakitengeneza mfumo wa miadi kwa ajili ya zahanati: mgonjwa anapangiwa siku na saa, karani anaona orodha, mganga anajua nani anafuata. Walifanya kazi kwa mtindo wa ajaili, yaani badala ya kupanga mwaka mzima, waliikata kazi vipande vya wiki mbili mbili, na kila kipande kikaitwa sprinti. Siku ya kwanza wanaahidi watakachofanya, siku ya kumi ya kazi wanaonyesha walichofanya. Yeye kazi yake ilikuwa kupima afya ya hizo sprinti. Kila kazi iliandikwa kwenye kadi ubaoni na kupewa pointi kulingana na uzito wake. Wameahidi pointi ngapi, zimekwisha ngapi, kadi gani imekwama ubaoni na imekwama kwa nini. Kila Ijumaa ya mwisho wa sprinti alibandika grafu ukutani, na hakukosekana wa kumuuliza kama mgonjwa atapona.

Kwa miezi mingi mgonjwa alikuwa hoi. Wakiahidi pointi thelathini, zinakwisha kumi na nane. Sababu ilijulikana na wote, nayo ilikaa meza ya pembeni karibu na dirisha. Ilikuwa mwanamke wa makamo waliyempachika jina la Mama Kasoro. Yeye ndiye aliyejaribu kila kitu kabla hakijatoka, na alizitoa kasoro kama mtu anayechambua mchele, bila haraka na bila huruma. Kadi ikifika kwake saa nne, saa sita imesharudi kwa mwenyewe ikiwa na maelezo. Aliyerudishiwa zaidi ni kijana mmoja hodari waliyemwita Mbio, ambaye vidole vyake kwenye kibodi vilisikika hadi kwenye korido.

Mkurugenzi hakuwa mtu mkali. Alipenda tu grafu ambayo mtu anaweza kuielewa akiwa amesimama. Siku moja alisimama mbele ya ile ya Daktari kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha akamwambia kwa upole kwamba timu ya pili inaundwa, itahitaji mtu wa kuisimamia, na jina lake limetajwa. Ila ingependeza kwanza hii ya sasa ikae sawa. Hakusema zaidi ya hapo, wala hakuhitaji.

Daktari aliwaza wikiendi nzima. Jumatatu akaja na utaratibu mpya. Safu ya mwisho ubaoni iliandikwa "Imekwisha", na tangu mwanzo kadi iliingia humo baada tu ya Mama Kasoro kuridhika. Sasa ingeingia pale mwandishi wa programu anapokabidhi kazi yake. Majaribio yangefuata baadaye, kivyake. Hakuna anayedanganywa, alijiambia, ni suala la kupanga tu.

Mama Kasoro aliuliza swali moja.

"Nikikuta kasoro, kadi inarudi?"

"Hairudi. Unafungua kadi mpya kwenye orodha ya kasoro, tutaipangia sprinti nyingine."

"Sawa," akasema, akageukia kompyuta yake.

Sprinti tatu zilizofuata zilikuwa kijani tupu. Ahadi thelathini, zimekwisha thelathini, mara moja hata thelathini na mbili. Mkurugenzi aliwaleta wageni waone grafu. Mbio alitembea mabega juu. Ile orodha ya kasoro nayo ilirefuka chini kwa chini, ikapita arobaini, lakini kuiona ilibidi ushuke mpaka mwisho kabisa wa ukurasa kwenye kompyuta, na huko hakuna aliyekuwa na safari.

Kuna jambo jingine lililobadilika, na Daktari aliliona akalipenda. Mwisho wa kila sprinti watu walijaza fomu fupi, wakitoa alama moja mpaka tano: kazi inaeleweka, tunasikilizana, ninajivunia tunachotoa. Zamani Mama Kasoro alitoa mbili mbili na maelezo ya ukurasa mzima. Sasa alitoa tano kila mahali na pa maelezo akapaacha patupu. Wastani wa timu ukapanda. Kwenye kikao cha asubuhi, zamu yake ikifika, alisema anaendelea vizuri, kikao kikasonga mbele.

Daktari alilelewa na shangazi yake, na shangazi huyo sasa alikuwa na magoti yaliyogoma kupanda ngazi. Jumanne moja aliomba ruhusa ampeleke zahanati. Njiani alimwambia kwa madaha kwamba safari hii hawatakaa sana, kwa kuwa zahanati ile inatumia mfumo wao, na yeye mwenyewe alimbadilishia miadi kutoka Jumatatu kwa simu, akiwa kitandani.

Karani wa mapokezi alikuwa dada mmoja mwenye sauti ya chini. Aliandika jina la shangazi kwenye kompyuta, akasubiri, akaliandika tena. Halimo. Hakushangaa. Alivuta droo, akatoa daftari kubwa lenye mistari, akapitisha kidole kwenye ukurasa wa siku ile, kisha akamwomba shangazi radhi kwamba hata humo hayumo, kwa kuwa miadi ilibadilishwa kwa simu, si hapo dirishani.

"Mbona mna daftari na kompyuta ipo?" Daktari akauliza.

"Ya kompyuta tunaijaza kwa kuwa tumeagizwa tuijaze. Ukibadilisha siku, mtu anapotea orodhani. Wiki iliyopita tulimpoteza mama mmoja mwenye presha, amekuja kutoka mbali, tukamwambia arudi kesho. Basi tukaanzisha hili. Kazi imekuwa mara mbili, lakini angalau usiku nalala."

Shangazi, ambaye hakuwahi kujua kunong'ona, akamgeukia. "Si ndiyo kazi yenu hii, mwanangu? Mliijaribu kabla hamjaileta?"

Watu wote kwenye benchi waliinua vichwa. Daktari akasema ndiyo, ni kazi yao. Swali la pili alilipita. Walikaa kwa saa tatu na nusu. Muda wote huo alimtazama karani akiandika kila mgonjwa mara mbili, kwanza kwa vidole, halafu kwa kalamu, na kadi yenyewe ikamjia kichwani wazi kabisa: kubadilisha siku ya miadi, pointi nane, kazi ya Mbio, imekwisha katika sprinti ya kwanza ya kijani.

Alasiri alirudi ofisini, akashuka mpaka mwisho wa ukurasa. Aliikuta kadi ya kasoro, imefunguliwa siku moja tu baada ya ile kukabidhiwa, miezi miwili karibu sasa. "Ukibadilisha siku, miadi ya zamani inafutika na mpya haihifadhiwi. Mgonjwa atafika na hatakuwepo kwenye orodha." Hakuna aliyeisoma zaidi ya aliyeiandika.

Mama Kasoro alikuwa dirishani na kikombe cha chai. Daktari alivuta kiti, akamsimulia yote, mpaka ile ya benchi zima kumtazama.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliandika."

"Lakini kwenye fomu ulinipa tano tupu, sprinti tatu mfululizo."

Mama Kasoro aliweka kikombe chini. "Nilipokuwa nakupa mbili, uliniomba nijitahidi kuangalia upande mzuri. Nikaona tano zinakufaa zaidi, na mimi zinanipunguzia kuandika."

Hakukuwa na hasira ndani ya sauti yake, na hilo ndilo lililomuuma Daktari. Akamwambia samahani, na yule mama akaipokea kwa kutikisa kichwa, kama mtu anayepokea risiti.

Siku mbili alizitumia kuhesabu upya. Alizipitia sprinti zote tatu kwa maana ya zamani ya "imekwisha". Kijani tatu zikageuka manjano moja na nyekundu mbili. Alizichapisha, akazipeleka kwa Mkurugenzi.

Mkurugenzi aliziangalia akiwa amesimama, halafu akakaa. Aliuliza kama kuna ulazima wa kufukua yaliyopita, si waanze tu vizuri kuanzia sasa. Daktari alimweleza habari za daftari.

"Nilikuletea picha uliyoipenda," akasema. "Timu ilikuwa inaumwa, nami niliishusha homa kwa kubadilisha kipimajoto."

Mkurugenzi alitoa ruhusa sprinti mbili ziende kwenye kasoro peke yake, na akasema atawapigia simu wale wageni mwenyewe. Kuhusu timu ya pili, wiki iliyofuata ilitangazwa kwamba imepewa mtu mwingine. Daktari alimpongeza mwenzake, kisha akaingia msalani akafungua bomba la maji mpaka macho yalipokauka. Hakutegemea kuumia kiasi kile.

Mbio alinuna siku nzima pointi zake zilipoporomoka. Kesho yake alihamisha kiti mpaka meza ya dirishani, na pamoja na Mama Kasoro wakaipata kasoro ya miadi kabla ya chakula cha mchana: mstari mmoja uliotakiwa kuja baada ya mwingine ulikuwa umetangulia. Aliuhamisha, akarudi mezani kwake.

Orodha ya kasoro ilishuka hadi tisa. Sprinti ya kawaida iliporudi, watu walikaa kupanga, na kwa mazoea Daktari akaandika thelathini juu ya ubao. Mbio alinyoosha mkono, akasema yeye safari hii achukue kadi mbili badala ya tano, kwa sababu angependa kuziona zikifika mwisho. Mama Kasoro akasema hata yeye, kwa watu tisa, thelathini ameiona siku zote ni ndoto. Walibishana karibu saa nzima. Wakaahidi kumi na tisa. Siku ya kumi zilikuwa zimekwisha kumi na saba, na mbili zilizobaki kila mtu alijua ziko wapi.