Kilio cha Nyumba ya Mizimu

Sogeeni karibu, na mwenye kutafuna kitu akimeze kwanza, maana haya ninayowasimulia yanachefua.

Mwanangu wa mwisho, kitindamimba wangu, aliajiriwa katika bustani ya burudani. Si bustani ya maua. Ni uwanja wenye ukuta wa rangi ya waridi, ndani mna magurudumu ya kupandisha watu angani, vikombe vikubwa vinavyozungusha watu mpaka watapike, na wanasesere wenye vichwa vipana kuliko mlango. Kampuni yenyewe ni ya ng'ambo. Kwao wanayo bustani kama hiyo, kwa majirani zao wanayo nyingine, sasa wakaitaka na hapa kwetu. Kazi ya mwanangu ilikuwa kuwaambia wageni hao kitu gani kitatuchekesha sisi na kipi kitatutisha, kwa sababu mengi waliyokuja nayo yalipofika hapa yalipooza kama chai ya jana.

Jumamosi moja akanipeleka, mimi na binti yake. Mjukuu huyo tunamwita Chiriku, mdomo wake haupumziki hata akilala.

Langoni mkata tiketi akatabasamu. Mfagiaji akatabasamu. Kijana aliyekuwa anamwagia maji matapishi chini ya vile vikombe naye meno nje.

"Hawa wamepatwa na nini?" nikauliza.

"Sheria ya kampuni, Mama. Meneja akikukuta umenuna, unapewa onyo."

"Hata huyo wa matapishi?"

"Huyo hasa."

Ardhi ilinata. Kila nikiinua mguu, ndala ilibaki nyuma kidogo kwenye sukari iliyomwagika, kisha ikaja na sauti ya kubanduka. Harufu ya sukari iliyoungua, mafuta yaliyokaangiwa kutwa na mikojo ya watoto ilichanganyika ikanipanda kichwani. Nikafunika pua kwa mtandio.

"Bibi, kitendawili!" Chiriku akaruka.

"Tega."

"Kina mdomo mmoja, kila anayeingia anatoka anapiga kelele!"

"Nyumba ya Mizimu."

"Umejuaje?"

"Unainyooshea kidole, mjukuu wangu. Hicho ni kitendawili au tangazo?"

Mwanangu akakuna shingo. "Mama, humo msiingie. Pandeni gurudumu."

"Kuna nini humo?"

"Nafikiria moyo wako tu."

"Moyo wangu umezika mume, leo uogope midoli?"

Hakucheka. Simu yake ikaita, akageuka kando kuongea, na Chiriku akanivuta mkono. Tukaingia.

Tulikalishwa kwenye kigari kinachotambaa juu ya reli. Giza, baridi, nyuzi zinakugusa usoni kama utando wa buibui. Mafuvu yakachungulia, Chiriku akayatolea ulimi. Kisha tukafika kwenye chumba kilichopangwa kama sebule ya watu: godoro sakafuni, viti vimesukumwa ukutani, jeneza katikati. Nikawaza, hapa angalau wamepatia. Ndivyo tunavyopanga, siku ikifika.

Sauti ya mwanamke ikalia kutoka ukutani.

"Amka, bwana! Amka basi! Umeniacha na... na nani?"

Jeneza likafunguka kwa kishindo, maiti ya mpira ikaketi, macho mekundu, ulimi umening'inia hadi kifuani. Watu wa vigari vya mbele wakapiga yowe, wakamalizia kwa kicheko. Chiriku hakucheka. Akanigeukia.

"Bibi, huyo ni wewe."

Nilikuwa mimi. Pumzi ile iliyokatika kabla ya "na nani" ilikatika kifuani mwangu, siku tuliyomzika babu yake. Mume wangu alikuwa mtu wa usingizi mwepesi. Maisha yetu yote, alfajiri nilimwita mara moja tu, mara yuko kitako, miguu inatafuta ndala. Siku ile nilimwita, hakuketi. Na sasa dubwana la mpira lilikuwa linaitika badala yake.

Mate yalinijaa mdomoni. Nikatapika kwenye mtandio wangu, humo humo kigarini. Tulipotoka nje, msichana mmoja mwenye sare akaniinamia, tabasamu masikio kwa masikio. "Umefurahia, Bibi?"

Sikuhitaji kuuliza nani alinirekodi. Kitindamimba ndiye aliyeshika simu siku ya mazishi, ili kaka yake aliyeko mbali, aliyeshindwa kuja, aone baba yake akilazwa. Na mimi nilimshukuru.

Nilimkuta nyuma, kwenye kantini ya wafanyakazi. Wanasesere walikuwa wamevua vichwa, wanakula. Mmoja, sungura kuanzia shingoni kwenda chini, alikuwa anajikuna mgongo kwa uma.

"Sauti ile umeitoa wapi?"

"Mama, nilikuambia usiingie."

"Sijakuuliza uliniambia nini."

Akashusha sauti. "Vilio walivyoleta kutoka kwao havikumtisha mtu. Watu walikuwa wanacheka tangu mlangoni. Meneja akasema tumpatie kilio cha hapa, cha kweli. Tukajaribu waigizaji, wakalia kama paka waliokanyagwa mkia. Ndipo nikakumbuka..."

"Ukakumbuka una mama."

"Hakuna anayejua kuwa ni wewe."

"Mimi nimejua," akasema Chiriku.

Hapo Meneja mwenyewe akaingia, mgeni mrefu, tabasamu limemtangulia. Mwanangu akamnong'oneza kitu. Yule bwana akanishika mkono kwa mikono yake miwili, laini, inanukia peremende, akaongea kwa lugha yake.

"Anasema ni heshima kukuona," mwanangu akatafsiri. "Anasema sauti yako haina mfano."

Meneja akaendelea. Mwanangu akageuza macho kwenye kichwa cha sungura mezani.

"Tafsiri yote."

"Anauliza... kama utapenda kuja mwenyewe mwisho wa wiki, ukae kando ya jeneza. Ulie."

Sungura akaacha kutafuna.

Nilimtazama yule mtu nikitafuta ubaya machoni mwake, sikuuona, na hilo ndilo lililonitia kinyaa zaidi. Alikuwa ananiangalia kama mtu anavyoangalia nyanya iliyoiva vizuri sokoni. Nikajifuta mkono kwenye gauni.

"Mwambie sitaki. Na kilio changu kitoke leo."

"Mama, ndiyo kwanza nimepandishwa cheo. Na ile sauti ndiyo iliyo..."

"Kitendawili," nikamwambia.

Nyumbani kwetu anayetegewa huitika, hata kama mnagombana. Baba yao ndiye aliyetuzoesha hivyo. Kitindamimba akatazama sakafu.

"Tega."

"Nililia siku moja, nikanyamaza. Mpaka leo bado nalia. Mimi ni nani?"

Alilijua jibu. Akakuna shingo.

"Umeshindwa. Nipe mji."

Alipokuwa mdogo, akishindwa alinigawia miji mikubwa mikubwa na bahari zake juu. Safari hii machozi yalimlenga.

"Nikupe upi, Mama? Kilio kimeshatumwa kwenye bustani zao nyingine. Zote mbili. Wamekipenda."

"Huko wanaelewa maneno yake?"

"Hapana. Wanasikia sauti tu."

Kumbe huko hata hawajui kwamba kuna mtu anaamshwa.

"Basi nipe huu mji tuliomo," nikasema. "Hiyo mingine utaihangaikia mwenyewe."

Akavua kitambulisho shingoni, akakiweka mezani kando ya kichwa cha sungura, akatoka. Meneja akabaki anauliza jambo, bado anatabasamu, na hapakuwa na wa kumtafsiria.

Tulisubiri kwenye mlango wa kutokea wa Nyumba ya Mizimu. Vigari vya kwanza vilitoka na vicheko. Vilivyofuata vilitoka kimya, kijana mmoja analalamika, "Imeharibika hii. Lile jitu linaamka lenyewe, hata halijaitwa." Mwishoni akatoka mwanangu, waya wa spika ameuzungusha mkononi, uso umemkunjamana.

Kazi hana tena. Anaishi kwangu, chakula nampa, ni mwanangu. Lakini nikiona simu yake imeinuka kunielekea, mimi hutoka chumbani. Barua anawaandikia huko ng'ambo. Hawajajibu.

Asubuhi nikifungua dirisha hujiuliza, huko kwao wameshafungua lango? Maana mume wangu alipokuwa hai nilimwita mara moja tu, akaketi. Huko namwita kutwa nzima, na kinachoketi ni mpira.