Mkono Katika Mchoro wa Tatu

...kumi na moja, kifundo, nasema, na bosi anagusa kifundo kwa ncha ya penseli, ndivyo tunavyohakiki maombi ya hataza, hati ya kulinda uvumbuzi, kabla ya kuyatuma, mmoja asome namba, mwingine aioneshe kwenye mchoro, kumi na mbili, kidole gumba... lakini hicho kidole cha mwisho kilichopinda ni changu, mlango wa bweni ulikivunja, na shangazi alinikalisha dirishani likizo nzima akiuchora mkono huu kwa ajili ya kitabu cha wanafunzi wa udaktari, "tulia basi, mwanangu, unatetemeka kama una homa", na sasa mteja wetu, mvumbuzi wa mkono bandia, anapuliza chai na kusema michoro yote kachora mwenyewe, mwenyewe!, mtu mwenye mwandiko wa kuku kuparua majivu, kaunyofoa kitabuni akaupachika skrubu mbili, basi, na hataza ikichapishwa dunia nzima inaruhusiwa kuinakili, kila mwenye duka la mabango atasema mbona mchoro umo kwenye hataza, ni wa wote, si kweli, hakimiliki ya shangazi haifi kwa kuwekwa humo, kungetakiwa idhini yake, na ilani mwanzoni mwa maelezo kwamba haki zake nyingine zimehifadhiwa, lakini nani atamkimbilia nani mahakamani, mwanamke mwenye ukungu machoni, ambaye mauzo ya mchoro wa mkono huo ndiyo yanayomlisha, na hatachora mwingine... "Huyu kaupenda mkono wangu," anasema mvumbuzi, bosi anacheka, "Mwache, bwana, wasomi husoma polepole," nami nacheka pia, Mungu wangu, nacheka, kwa sababu karani aliyenitangulia alimbishia mteja mbele ya chai, hakurudi hata kuchukua mwavuli wake, nitasema baadaye, ukumbini, kwa adabu, mteja akishaondoka, yaani maombi yakishatumwa, digrii nzima hii najificha nyuma ya adabu, na chini ya ukurasa kuna jina langu, mhakiki, kwa hiyo nikiitaja namba inayofuata nitakuwa shahidi wa mvumbuzi, mimi, niliyekaa dirishani... "Kumi na tatu, dada," bosi ananikumbusha, penseli iko hewani, na hofu ni ileile ila imehama, simwogopi tena bosi, naogopa namba itakayoniponyoka nikifumbua mdomo kwa mazoea, nimeuma ulimi, penseli na ingoje.