Kidirisha cha Mama Simone

Honi ya adhuhuri ilinikuta chini ya lori, gizani, mafuta yakinidondokea shingoni. Miguu yangu ikaanza kucheza yenyewe. Leo ndiyo leo.

Katika karakana yetu, hapa Ruashi, pembeni mwa mji, kantini ina mlango na kidirisha. Mlangoni hupita wageni na wakubwa. Ndani kuna meza na feni. Sisi mafundi tunapokea sahani kidirishani, tunakula nje, tumechuchumaa kando ya ukuta. Jana mvua ilinyesha, bukari, yaani ugali, ya mzee Zéphirin ikawa uji mkononi mwake. Aliunywa.

Aliyekosa usingizi ni mimi. Enzi za Wabelgiji, babu yangu alinunua nyama kwenye kidirisha kama hicho, nyuma ya bucha ya Wazungu. Watu waligoma, wakapigwa risasi, wakazikwa, uhuru ukaja. Na kidirisha? Kimehama tu, kutoka mjini hadi Ruashi. Nilikuwa nimetunga beti za kupasua masikio, nizitoe mlangoni, wote wasikie.

"Mushairi, kamata sahani," Aaron alinichokoza kwenye foleni. "Beti haishibishi."

"Leo tunaingia ndani."

"Anza weye. Miye niko na batoto."

Mama Simone, mpishi, alichungulia kidirishani. "Clovis, kuko nini? Miguu yako inatwanga majani ya sombe?"

"Mama, nataka kula mezani."

"Mupishi mwengine alifukuzwa juu ya kufungulia mafundi huu mulango. Bajukuu yangu bakule nini?"

Lakini macho yake yalikuwa kwa Zéphirin, aliyekuwa nyuma yangu na sahani yake. Akafunga kidirisha. Tukasikia komeo. Wenzangu wakanivamia kwa matusi: nimewanyima chakula! Ndipo mlango ukafunguka.

"Bukari iko ku meza," Mama Simone alisema. "Mutanawa, ao mutabaki kuniangalia?"

Zéphirin alitangulia. Tukaingia sote, hata Aaron na batoto wake wa mdomoni. Wageni wawili waliinua vichwa, wakaendelea kula. Beti zangu zikanikaukia mdomoni. Mikono ilikuwa na kazi.

Msimamizi wetu, Rigobert, tuliyemwita chef, mtoto wa mtaa wa Makomeno kama mimi, akasimama mlangoni. "Nani amefungua?"

"Ni miye, chef. Karibu." Mama Simone alimpelekea beseni la maji. "Nawa."

Kwetu mtu akikaribishwa chakula hakatai. Hata aliyeshiba hunawa, akamega tonge moja. Mikono ya Rigobert ilitoka mifukoni. Ikasita juu ya maji. Ikarudi mifukoni.

"Kesho usikuje," alimwambia. "Kazi imeisha."

Mama Simone aliliweka beseni mezani. "Kuleni," alituambia. "Bukari inapoa."

Nikasimama, tonge bado mkononi.

"Mama, kesho nitakungoja langoni. Wakikuzuia weye, miye nami siingii."

"Na kazi yako, mutoto yangu?"

"Siingii, Mama. Rigobert anasikia. Usipopita, sipiti."