Sauti Aliyoifungulia Mlango

Baba yangu namjua kwa vitabu tu. Hosea Tarpley, aliyezunguka mashamba ya pamba ya Mississippi akiwaandikisha watu weusi wapige kura, alipigwa risasi mlangoni kwake mimi nikiwa bado tumboni. Mama hajawahi kunisimulia jioni ile. Ukimuuliza, anainuka kwenda kukoroga sufuria hata kama jiko limezimwa. Nimeota mvi nikisubiri, na hasira ninayo, sifichi.

Basi Februari hii, mwezi ambao shule zetu husoma historia ya watu weusi, nilimtega. Nilimwalika darasani kwangu, darasa la pili, nikijua nitasoma kitabu cha picha kinachomhusu baba. Alikuja na kofia yake ya kanisani, akakaa kitini, watoto wamejazana zuliani miguuni pake.

Wanafunzi wangu hawajui kusikiliza kimya. Kitabu wanakiitikia kama mahubiri. Nilipofika kwenye picha ya mlango nikatua, kama kawaida yangu, kabla ya kufunua ukurasa.

"Mnadhani nini kitatokea?"

"Usifungue!" Tamiyah alipiga kelele. "Mzee Hosea, usifungue!"

"Pitia jikoni!"

"Zima taa, wewe!"

Darasa zima likawa linamsihi mtu wa kuchorwa. Nikafunua, nikasoma: "Watu wasiojulikana walibisha hodi."

"Uongo," Mama alisema.

Jakobi, ambaye mdomo wake hauna breki, akamgeukia.

"Eti nini, Bibi?"

"Unadhani mume wangu alikuwa mjinga, mjukuu wangu? Miaka ile, giza limeshaingia, nani angemfungulia mtu asiyemjua? Wenye bunduki walijificha. Aliyebisha alikuwa wa kwetu, mweusi kama sisi, tukiimba naye kwaya. Alisema, 'Hosea, ni mimi.' Hosea akacheka, akaenda kufungua."

Nikakifunga kitabu.

"Alikuwa nani?" Tamiyah aliuliza. Laiti angejua kwamba ameniulizia swali langu la maisha.

Mama akaziangalia nyuso zile moja moja, taratibu, mpaka akalimaliza zulia lote.

"Nimesahau, kipenzi."

Mama hasahau kitu. Anakumbuka hadi leo nani alileta keki iliyoungua kwenye mazishi ya baba. Nikaelewa kwamba amesahau kwa ajili ya mtoto mmoja pale chini, wa damu ya yule aliyebisha. Ni yupi, sikujua.

Kengele ikalia. Mabibi na mababu wakaja kuchukua wajukuu zao, watu walewale wa kanisani walionibeba nikiwa mchanga.

"Mwalimu, huyu mtundu hajakusumbua leo?"

"Mama Tarpley! Kofia hiyo itatuua!"

Niliwajibu, nikacheka inapobidi, lakini maneno yao sikuyasikia. Nilikuwa nasikiliza sauti. Mama alisimama kando yangu akawakumbatia wote, hakumruka hata mmoja, na uso wake haukubadilika popote.