Sinia la Bi Shaikha Motoni

Marhoon, kaka yake mume wangu, alitoa hukumu huku akichokonoa meno: Ijumaa nipike pilau, wajomba zake wawili wanakuja kula, na wakiridhika ndipo tutazungumza habari ya mimi kwenda kusomesha.

Mwaka ule wa sabini shule ya wasichana ilikuwa inafunguliwa Maskati, na walimu wakitafutwa kwa tochi. Mimi nilisomea ualimu Cairo. Nilikuwa huko huko mwaka wa sitini na nne, watu wetu walipoikimbia Unguja, na huko ndiko Thabit alikonioa kabla ya kunileta huku Maskati. Cheti ninacho, kazi nimepewa, mume kaniruhusu, ingawa Thabit mbele ya kaka yake huwa bubu. Sasa nitahiniwe kwa pilau! Kwani nilisomea pilau mimi?

"Ntapika," nilimjibu. "Lakini ntapika ninachotaka."

Na nilichotaka ni wali wa Kihispania. Cairo nilipanga chumba kwa mjane mmoja wa Valencia, Bi Amparo, ambaye kila Jumapili aliwasha makaa roshani akapika paeya, wali wa zafarani na vitu vya baharini. Mwanamke yule hakumwomba mtu ruhusa hata ya kukohoa. Nilimpenda sana.

Ijumaa asubuhi Thabit aliniletea kamba, ngisi na kaa kutoka soko la samaki la Matrah. Mchele nilichukua ule mnene mfupi tunaouponda na nyama kuwa arsiya ya Idi, kwa sababu unakunywa supu vizuri. Chombo ndicho kilichonisumbua. Paeya inataka chombo kipana kisicho na kina, na sufuria zetu zote zilikuwa visima. Nikalitazama sinia la shaba la mama mkwe wangu, Bi Shaikha, lile analopakulia wageni. Nikalitia motoni.

"Astaghfirullah! Sinia la kulia unalipikia?" Bi Shaikha alishika kichwa.

"Litasuguliwa, Mama."

Nikakaanga ngisi kwa vitunguu, thomu na tungule, nikatandaza mchele, nikamimina supu ya vichwa vya kamba iliyotiwa zafarani, nikapanga kamba na kaa juu yake. Kisha nikafunga mikono kifuani nikatazama tu. Hapo Bi Shaikha alishindwa kuvumilia. Wali usiokorogwa, usiofunikwa, usiopaliwa makaa juu! Kwetu huo si wali, ni aibu. Niligeuka kunawa, kurudi nikamkuta keshaufunika kwa sinia jingine, koleo mkononi, anapanga makaa.

"Mama, usifunike!"

"Utawalisha watu mchele mbichi, mwanangu. Nnakusitiri."

Alikuwa na nia njema, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi. Nikaliondoa lile sinia la juu na makaa yake mbele ya macho yake.

"Usinisitiri. Ukiharibika, umeharibika wangu."

"Haya, unaungua huo! Husikii harufu?"

"Nasikia. Nnautaka huo ukoko, ndio utamu wenyewe."

Akaniangalia kama anayemwangalia mtu aliyepandwa na shetani, lakini koleo akaliweka chini.

Sinia tuliliingiza pamoja, mimi na yeye, likiwa bado linachemka pembeni. Marhoon akauliza pilau iko wapi. Nikamwambia haipo. Wajomba wakatazamana, wakasema bismillahi, na baada ya tonge la kwanza sikusikia tena mazungumzo. Nilirudi jikoni, nikawa nasikia vidole vikikwangua shaba.

Marhoon alikuja mwenyewe hadi mlango wa jiko, na Thabit nyuma yake. Alikuwa anacheka.

"Wajomba wamekomba mpaka ukoko. Wallahi, shemeji, mkono kama huu ni hasara kuupeleka kushika chaki. Utabaki nyumbani, na kila Ijumaa utatupikia wali huu."

Alisema kama mtu anayetoa zawadi. Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakaniwaka. Kumbe wali ungekuwa mbaya, ningekatazwa kwa kutojua kupika. Umekuwa mzuri, nakatazwa kwa kujua. Mtihani wa namna hiyo hakuna anayeufaulu, na mimi mpumbavu nilikuwa nimekubali kuufanya.

"Umekula, umeshiba," nikamwambia. "Kesho nnakwenda kazini."

"Utapita mlango gani?"

"Huo huo wa mbele."

Bi Shaikha aliinama akawa anaokota maganda ya kaa, hata yasiyokuwepo.

Jumamosi asubuhi nilitoka chumbani nimevaa buibui langu. Thabit hakuwemo, na nilidhani amejificha mahali mpaka mambo yaishe. Marhoon alikuwa ameketi kizingitini na kikombe cha kahawa, miguu ameinyoosha mpaka upande wa pili wa mlango. Kwetu mtu mkubwa harukwi miguu. Unamwomba aikunje, na asipoikunja, unangoja.

Nje, kwenye jua, nikamwona Thabit amesimama na mkoba wangu wa vitabu begani.

"Mahbuba," akaniita, kwa sauti ambayo kaka yake aliisikia vizuri, "tutachelewa."

"Sabalkheri, shemeji," nikamwambia Marhoon.

Miguu hakuivuta. Nikakusanya pindo la buibui, nikairuka.